Kifungu cha Saba

Ngazi zako ni kumi na tisa, wakili,
ya kumi na mbili imebonyea katikati.
Nimezihesabu mimi. Mjukuu alikuwa akihesabu bajaji
za Barabara ya Nne.

Ukamwambia yeye: "Mpe bibi kiti."
Ukamuuliza yeye: "Bibi ana shida gani?"
Bibi yupo. Anaitwa Mwanamkasi binti Shekuwe,
msokota kamba wa Mwambani,
na kilichozimika ni macho, si masikio.

Basi sema nami.

Karatasi uliisukuma mezani, nikasikia inavyoteleza.
"Ni ya kawaida tu," ukasema. "Weka dole hapa."
Wakili, hilo neno naijua harufu yake.
Lilikuja kwangu mwaka wa mvua nyingi
mdomoni mwa mtoto wa marehemu kaka,
pamoja na kikasha cha wino na nusu kilo ya sukari.
"Shangazi, ya kawaida tu, ya mbolea."
Nikabonyeza.
Wino ulitoka siku ya pili, kwa ndimu na majivu.
Minazi kumi na minne haijarudi mpaka leo.

Kwa hiyo soma.
Usinieleze kilichomo. Soma kilichoandikwa.

Ukakohoa, ukaanza.
Cha kwanza, cha pili, sauti imenyooka.
Cha tano ukanywa maji.
Cha saba ukakimbia.

Nasokota usumba tangu sijavunja ungo;
uzi ukilegea, kidole huambiwa kabla ya jicho.
Sauti nayo ni uzi.
"Rudi cha saba," nikasema.
Feni ikazunguka peke yake kwa muda.
Ukarudi. Humo mlikuwa na theluthi ya shamba langu,
"kama gharama za uwakili",
imetulia kama nge ndani ya kandambili.

Sikugombana. Ukakifuta.
Nilisikia kalamu ikikwaruza,
na mkwaruzo nikaupapasa.

Karani wako, Zawena, yule anayenukia asumini,
ndiye aliyeuliza: "Bibi, unasoma nukta nundu?"
Nikacheka. Nimepofuka nina miaka hamsini na moja;
nundu nizijuazo ni za upele wa wajukuu.
Akacheka na yeye. Akachukua simu yangu ya batani,
akafunga mlango, akaisomea yote upya,
tarehe, muhuri, mpaka kwa mpaka:
mashariki kwa Mzee Hiza, magharibi njia ya ng'ombe.
Usiku nitamsikiliza huku nasokota.

Halafu akakata dirisha kwenye kifuniko cha boksi la chaki,
jembamba, refu kama kidole cha kati,
akaliweka juu ya mstari.
"Andika humu, bibi. Kalamu haitatoka nje."

Jina langu nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima,
jioni, ghalani, mikono inawasha kwa utomvu wa mkonge.
Nilidhani limeondoka na macho.
Kumbe lilikuwa kiganjani miaka yote,
limejikunja kama paka.
M ikapanda, ikashuka, ikapanda tena.
Ile i ya mwisho nikaitia nukta,
nukta yangu mwenyewe, yenye nundu au isiyo nayo.

Nakala yangu nitaitoboa pembeni, niitie kamba:
fundo moja shamba, mafundo mawili wosia.
Ile ya sukari haina fundo.
Ile tutaifungulia mahakamani, Mungu akipenda,
na hakimu naye nitamwambia neno lile lile.

Sasa nimelipa, elfu ishirini.
Za elfu kumi nazikunja mara mbili, za elfu tano mara moja,
usihangaike kunihesabia.
Umenitilia mkononi karatasi nyingine,
ndogo, laini, ya kawaida tu.

Risiti, wakili?

Soma.