Muhtasari wa Kikao cha Jumanne

Tulipaswa kuwa saba. Tulikuwa sita.
Koti la njano la Orest Bilyk lilikaa kitini peke yake,
beji kumi na tisa kifuani, ndani hamna mtu.
Katiba yetu, iliyopigwa taipu mwaka wa sitini na moja
kwa mashine iliyokuwa na herufi moja kilema,
inasema: akidi ni saba. Haisemi makoti.

Zamani tulikuwa arobaini na wawili.
Picha ipo ukutani, juu ya birika la kahawa:
wanaume wamekaza tai, nywele zimelazwa kwa mafuta,
mabega yamebanana kama magunia ghalani.
Siku hizi ngano huenda kwa makampuni, vijana huenda Calgary,
nasi tumebaki na ufunguo wa ukumbi
na vikaango ishirini vya chapati za maji.

Marvin, mwenyekiti, akagonga meza, kisha akajuta:
hufungi wala hufungui kikao kisichokuwepo.
Dolores akauliza kama mbwa wake anahesabika.
Tukamtoza faini, robo dola, kwa mzaha,
na hata mzaha ulitaka kura.

Ajenda ilikuwa fupi. Naiweka ilivyo:
tanuri la ukumbi limekufa;
miwani mia tatu na kumi na nne imekusanywa benki,
mojawapo ina kioo kimoja
(nani huyu aliyetoa sadaka nusu ya kuona?);
na nani atazoa theluji mlangoni kwa Bi Hrycay,
ambaye hutuchungulia dirishani na kujifanya hatuoni,
asije akalazimika kushukuru kila asubuhi.

"Si twende kwake," akasema Stan,
ambaye huongea mara mbili kwa mwaka.
Kwake, yaani kwa Orest.

Tukabeba kengele, bendera, daftari la mhazini.
Baridi ya Saskatchewan, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
theluji ikilia chini ya tairi kama viatu vipya kanisani.
Makao ya wazee, chumba namba nane.
Orest alikuwa amebaki macho na masikio.
"Mmechelewa," akasema.

Tanuri lilipita kwa kura saba, hakuna aliyepinga.
Yeye alinyoosha kidole tu, mkono ulikataa.
Kisha akauliza, "Na Jumanne ijayo?"
Naandika hapa kwamba kulikuwa na kimya,
ingawa kimya hakikutolewa kama hoja.

Muuguzi aliingia kumpima presha.
Corazon Dimaculangan, wa Iloilo, miezi mitano mjini.
Alitutazama, na bendera yetu imeegemezwa kwenye dripu.
"Hiki ni chama cha nini?"

Miaka zaidi ya sitini, na hakuna aliyekuwa na jibu tayari.
Marvin alianza kaulimbiu, akaisahau katikati.
"Tunakaanga chapati za maji," akasema Dolores.
Stan akasema, "Theluji," akamaliza mgao wake wa mwaka.
Orest akafumba macho.
"Tunahesabiana," akasema.

Corazon alifungua kile kitambaa cha presha, taratibu.
"Koleo sijawahi kulishika. Ada ni ngapi?"

Mgeni hupewa jembe siku ya tatu.
Yeye tulimpa koleo usiku uleule,
na fomu, na kalamu yangu, ambayo hajairudisha.

Waliohudhuria: saba, kisha wanane.
Jumanne iliyofuata niliandika saba tena.
Sikufuta jina lolote. Nilisogeza mstari.

Nyongeza, isiyokuwa kwenye ajenda:
Alhamisi alfajiri, kabla ya zamu,
Corazon alizoa theluji kwa Bi Hrycay.
Alizoa vibaya. Kila alichorusha kilimrudia usoni.
Pazia likatikisika. Dirisha, lililoganda tangu Novemba,
likafunguka kwa kishindo.
"Unatupa kinyume cha upepo, mtoto wewe!"

Neno lake la kwanza kwetu kwa majira tisa ya baridi.
Nimeliweka chini ya kichwa: Shukrani.