Kuwinda Joto

Januari, Gyumri. Bomba la shule limepasuka tena
na wino umeganda kalamuni.
Wanafunzi ishirini na sita, makoti mpaka masikioni;
kila anayeitika "nipo" anatoa moshi kidogo mdomoni
kana kwamba anaaga.

Kitabu, ukurasa wa tisini na mbili:
Joto husafiri kutoka penye joto kwenda penye baridi.
Naisoma sentensi. Naisoma tena.
Mushegh anapiga mwayo mpana kama mlango.
Nyuma kabisa Hrach amelala,
shavu juu ya ukurasa huohuo wa tisini na mbili,
na sijawahi kuona kitabu kile kikimfaa mtu zaidi ya hapo.

Nikakifunga.
Si kwa hekima. Vidole vilikuwa vinaniuma.
Nikasema: humu ndani mna mwizi,
anatuibia joto mchana kweupe.
Nani atamkamata?

Mkobani nilikuwa na vipande vitatu vya mishumaa ya kanisani,
uzi mwekundu wa kudarizi
na vipimajoto viwili, kimoja cha homa.

Darasa likamwagika.
Nazeli, ambaye tangu Septemba sikuijua sauti yake,
alipanda dirishani na mshumaa, akapiga ukelele:
"Mwalimu, mwali umeinama!"
Umeinama kweli, ukielekea ndani,
kama mtu anayempisha mgeni.
Uzi ukacheza chini ya mlango.
Arpine akachora ramani ya chumba,
kila ufa msalaba,
misalaba thelathini na mmoja,
mingine ya tangu tetemeko lile
lililotokea kabla hawajazaliwa
na ambalo mimi sipendi kulitaja darasani.

Kelele zikamwamsha Hrach.
Chumba cha walimu tulikwisha mhukumu.
"Moto huzaa jivu," alisema mwalimu wa historia,
"baba mwokaji hodari, mwana gogo."
Hakuna aliyeuliza gogo hilo huamka saa ngapi.
Saa nane usiku.
Huamka saa nane usiku, akabandika lavashi
kwenye kuta za tanuri la baba yake
mpaka karibu na kengele yetu.

Akaweka kiganja ukutani, macho bado mazito.
Akakisogeza shubiri moja.
"Hapa na hapa si sawa," akasema.
Wenzake wakacheka.
Nikapima hapa, nikapima hapa.
Nusu digrii.
Kicheko kikakatika kama uzi.

"Tanuri letu likipata ufa," akasema,
"tunaziba kwa udongo na manyoya ya kondoo.
Udongo mtupu ukikauka huachia.
Lazima uwe na manyoya ya kuushika."
"Kwa nini?" nikamuuliza,
na kwa mara ya kwanza mwaka ule
niliuliza swali bila jibu kuwa mfukoni.
Akafikiri. Wote wakamtazama akifikiri.
Sikumbuki alichosema.
Nakumbuka alivyosimama.

Tuliziba wiki nzima.
Bibi yake Mushegh alileta gunia la manyoya lenye harufu ya zizi,
udongo ukatapakaa mpaka ukumbini,
mwalimu mkuu akaniandikia barua ya onyo.
Ninayo bado: huashiria ukurasa wa tisini na mbili.
Chumba kikapanda digrii tatu. Tatu tu.
Tulizichora kwenye grafu kwa rangi nyekundu
mstari ukapanda kama ubavu wa Aragats,
na hakuna aliyetaka kuifuta ubaoni.

Mtihani wa Mei, Hrach alipata sita kwa kumi.
Mwalimu wa historia alinyanyua mabega.
Nazeli nane, na sasa huniuliza maswali
hata nikiwa na chai mdomoni.
Mushegh bado anapiga miayo,
lakini siku hizi hufunika mdomo.
Anasema hataki kupoteza joto.