Kabla ya Saa Mbili

Nimetandaza mfuko wa saruji, upande usio na maandishi,
nikachora mlima, mawe yamebebana
kama yale ya nyuma ya Nkuhungu.
Chini yake kijiji. Kisima. Mlinzi mwenye mkuki.

Usiku huu mimi ndiye mvua, ndiye jini, ndiye muuza chumvi.
Maadui ni karanga mbichi, thelathini na mbili;
wiki iliyopita Mlewa alilitafuna jeshi zima
kabla halijavuka mto.

Nimeandaa njia tatu.
Watashika ya nne, nawajua:
niliwajengea ngome siku tisa,
wakakesha sokoni wakibishania bei ya punda.

Upepo unagonga bati. Vumbi linapita chini ya mlango
na kuketi juu ya ramani,
jangwa ambalo sikulipanga.
Naliacha.

Anayenitisha ni Sechelela.
Hataniuliza hazina iko wapi.
Ataweka dadu chini, ataniangalia:
“Huyu mlinzi, kwao wapi? Amekula?”

Chai imepoa. Pembeni mwa mkuki naandika:
anaitwa Ndahani,
mama yake mgonjwa, yuko Hombolo,
hajatia kitu mdomoni tangu jana.

Hodi.
Naficha karanga.