Herufi ya Kwanza ya Sayuni

Leipzig, baridi kali. Amri imefika na mhuri:
Sayuni itolewe, Haleluya itolewe,
Ibrahimu naye na uzao wake.
"Maneno machache tu," asema mchungaji Ehrling,
akipangusa miwani isiyo na vumbi.

Mzee Wendelin Kracht hajibu.
Miaka arobaini amepanga herufi za risasi,
nazo hukaa kinyume, mwanzo wake kuume,
kama walivyoandika manabii.
Aing'oa Sayuni kwa koleo.
Ukurasa wabaki na pengo,
kinywa cha mtoto aliyeng'oka jino.
Autazama. Airudisha.
"Nikimfuta Ibrahimu, Mchungaji,
Mariamu atakuwa binti wa nani?
Na yule mtoto wake?"

Akanawa wino. Akavaa koti polepole,
vifungo vyote, hata kile kilicholegea,
akatoka kabla hawajamtoa.

Kesho yake nilizing'oa mimi, mwanagenzi.
Mikono haikutetemeka; nilikuwa na mama wa kulisha.
Herufi moja tu niliificha mfukoni.
Ilishatoboa bitana, ikazama kwenye pindo.
Nikitembea huwa naisikia
ikinigonga gotini,
ndogo, nzito,
kinyume,
inasomeka.