Vifungo Arobaini

Mvua ya Kutaisi haina haya, inaingia hadi mezani.
Nimeisukuma cherehani pembeni
nikafungua daftari la mjukuu wangu Lasha, la darasa la saba.
Yeye kalala. Mimi, miaka hamsini na mbili,
ndiyo kwanza naanza.

Tatu x, jumlisha saba, ni sawa na arobaini.

Siku tatu niliitazama ile x kama mkasi ulioachama,
nikaviogopea vidole.
Leo nimeshika vifungo:
visanduku vitatu vya kiwandani, vimezibwa kwa gundi,
na saba vya rejareja, hapa mezani.
Risiti inasema arobaini.

Ondoa saba huku. Ondoa saba na kule.
Mwalimu Tsiala alilikazania hilo hadi chaki ikamkatikia:
ukitendacho upande mmoja, kitende na wa pili.
Nilicheka peke yangu. Katika nyumba hii
upande wa kupunguzwa nimekuwa mimi tu.

Thelathini na tatu. Gawanya kwa tatu.
Kumi na moja.
Nikairudisha pale pale palipokuwa na x, kuhakikisha.
Ikakaa, kama mkono wa koti begani.

Nimejua kilichomo na sijafungua kitu!

Basi nikafungua.
Kumi na moja.
Kumi na moja.
Kumi.

Nikahesabu tena kwa ncha ya sindano.
Hesabu haijakosea.
Kukipambazuka nakwenda dukani kwa Zaza,
na risiti mkono mmoja,
daftari mkono wa pili.