Kamba ya Nguo, Baada ya Edfu

Meli yetu ina ghorofa nne na bwawa la kuogelea juu ya paa,
maji juu ya maji, kana kwamba Naili haitoshi.
Kazi yangu ni taulo. Nazikunja ziwe batamaji,
ziwe mamba, ziwe tembo aliyevaa miwani ya mgeni,
nazilaza kitandani wakati wenyewe wako chini
wakila mkate wa zabibu na kulilalamikia jua.

Jumanne, saa nne kasoro, tunaiacha Edfu nyuma.
Ustadhi Wagdi anashika kipaza sauti:
"Tazameni kulia, mabibi na mabwana, lile lango,
miaka elfu mbili na ushei, na rangi ingalipo chini ya mabawa."
Anawasomea kuta kwa kumbukumbu: huyu mwewe, huyu mfalme,
hili duara ni kamba, na ndani ya kamba mna jina,
na jina likishazungushiwa kamba halifi.
Vichwa hamsini vinageuka kulia.

Mimi nageuka kushoto.

Kushoto, nyuma ya miwa, iko nyumba ya udongo
iliyopakwa buluu upande mmoja tu (rangi iliisha).
Juu ya dari, kamba.
Mama hasikii tangu homa ya utotoni,
na herufi hazijui; simu kwake ni kipande cha kioo.
Basi huniandikia kwa nguo.

Blanketi la punda: punda ameuzwa.
Shuka mbili zilizofungwa ncha: Nagat na mumewe wamepatana.
Kanzu nyeusi ya shangazi, peke yake, katikati:
nikajua, nikaingia chumba 209 nikafuta kioo
mpaka nikajiona.
Siku ya soksi kumi na moja sikuambulia kitu.
Baadaye nikaambiwa zilikuwa soksi tu.

Jumanne hii lilikuwa shati la baba.
Lile la mistari ya kahawia, la kwendea mnadani.
Baba ana miaka tisa mchangani.
Shati limefuliwa, limebanwa mikono juu
kama mtu aliyekamatwa, au anayeshangilia,
upepo ukiliingia tumboni na kutoka.

Nikalibeba shati lile hadi Kom Ombo,
nikalifikisha Aswan, nikalala nalo jirani na injini.
Nani hufua nguo za marehemu?
Analitoa sadaka? Anaposwa, na miaka yake sitini?
Au anaumwa, ananiaga?
Nilimwuliza Wagdi, msomaji wa kuta.
Akacheka. "Hiyo," akasema, "si taaluma yangu."

Ijumaa tukarudi tukiufuata mkondo.
Niliziacha taulo mbichi koridoni, nikapanda juu,
nikiyaomba radhi magoti ya watu waliojianika.
Kamba ilikuwa tupu.
Tupu kabisa, hata kibanio.

Kisha ukingoni, kwenye ngazi za kutekea maji,
nikaliona shati limesimama.
Ndani yake Rabii, mdogo wangu,
niliyemwacha akinifika kiunoni.
Mabega yamelijaza, vifungo vimefunga,
mikono ameiinua vilevile kama ilivyokuwa kambani.
Nyuma yake Mama amekaa, anamenya vitunguu,
wala haitazami meli:
barua ikishatumwa, imetumwa.

Wageni walidhani wanapungiwa wao.
Wakapunga, na glasi zao mkononi.
Bibi Hendrickx wa chumba 214 akapiga picha tatu,
ya nne ikaharibiwa na mti.

Jioni ile kwake sikukunja ndege.
Nilitwaa taulo kubwa moja na mbili za uso,
nikatengeneza kiwiliwili, nikakiinua mikono,
nikakishikiza kwa vibanio vya pazia.
Alisimama mlangoni muda. "Huyu nani?"
Amelipia wafalme, nikaona nisimnyime.
"Mfalme," nikamwambia. "Ametawazwa juzijuzi."
Akaniuliza jina lake, akaliandika kwenye daftari,
akalizungushia duara.