Malisho Yamelala

Hakuna ukuta, hakuna seng'enge.
Mgeni akipanda Atlasi mwezi wa tano
huliona bonde letu, la kijani, jembamba kama ulimi wa mbwa,
na kando yake kondoo mia sita,
shingo zimenyooka, pua zinatweta,
na hakuna anayevuka.
Huuliza: wamefungwa na nini?

Na neno.
Theluji ikianza kutoka jasho
vijiji vitatu hukutana kwenye jiwe la mpaka,
hugombana hadi chai ya tatu ipoe.
Siku ya kufunga hutajwa kwa sauti;
siku ya kufungua huachiwa mbegu.
Zikipukutika zenyewe, tutaingia.
Kabla ya hapo malisho yamelala,
na ukimwamsha aliyelala
utalala wewe, tena na njaa.

Mwaka ule kura ya kokoto ilimwangukia baba.
Wakampa Haddu u Ziri fimbo, joho la sufu,
na uadui wa kila mwenye mifugo.

Nilikuwa na miaka tisa na kondoo mmoja,
Taberkant, mweusi tii,
aliyezaa pacha mwezi usiofaa.
Makapi yalikwisha. Chuchu zake
zilining'inia kama vidole vya glavu tupu.
Usiku nikamfunga kwa mshipi wangu,
nikajiambia: mdomo mmoja tu.
Bonde zima hili, na mdomo mmoja.

Sauti ile ninayo bado:
meno kwenye majani mabichi,
kama mtu anachana nguo polepole
chini ya blanketi.

Kisha kandili.
Baba hakunipiga. Aliinama,
akapapasa vikonyo vilivyokatwa, kimoja kimoja,
kama anayehesabu pesa za mtu mwingine.
"Huyu wa nani?"
Na ndiye aliyemvuta kwa mikono yake
kutoka tumboni mwa mamaye.
"Wetu," nikasema.
Akanyamaza, akanyamaza,
hata mwanakondoo mmoja akalia kule zizini.

Asubuhi alikwenda kujishtaki.
Wakacheka. "Haddu, nani alikuona? Rudi nyumbani."
"Mimi nilimwona. Si ndiyo kazi mliyonipa?"
Faini: kondoo mmoja, vibaba vinne vya shayiri,
siagi ya kujaza bakuli.
Kondoo akawa yuleyule.
Nilipewa ubavu. Nikautafuna.
Mama hakumsemesha baba hadi mavuno.

Mwaka huu amekuja kijana wa wizara
na kidude kinachoruka kama nyigu.
Akapiga picha, akaandika: eneo halitumiki.
Nikampakia kwenye nyumbu wangu hadi ukingoni,
nikamwambia, lala kifudifudi.
Akalala, na shati lake jeupe.
"Unaona nini?"
"Majani."
"Tena."
"Mdudu. Amebeba punje."
"Tena."
Hakuwa na la kuongeza, nikampa muda.
Baadaye nikamwonyesha kwa kidole ng'ambo ya kilima,
walikogombana wakaliacha lile neno:
mvua moja ya radi iliteremsha udongo wote barabarani,
na mbuzi wao sasa wanalamba mawe.

"Lakini nani analinda?" akauliza akijipangusa.
"Mbona simwoni mtu?"

Hapo nikasikia meno.
Nyumbu wangu, sisi tukiongea,
alikuwa ameinamisha kichwa.
Na kutoka mwambani juu, mluzi mmoja mkali:
Ijja, mjukuu wangu, miaka kumi na tisa,
fimbo ileile, joho limempita magoti,
anashuka, hatabasamu.
Atauliza, huyu wa nani,
na alijifunza kupanda mgongoni mwake.

Nikaanza kupiga hesabu
ya shayiri iliyobaki ghalani.